Siku Fundi Senzighe Alipouacha Mfereji

Ndugu zangu, mlio nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo. Akina mama wenye watoto wachanga kaeni tu hapo karibu na mlango, hakuna neno. Asubuhi hii nataka kuwasimulia habari za fundi mmoja wa mifereji.

Huko milimani mfereji si jambo dogo. Mtu anayejua kuyachukua maji kwenye chemchemi, akayatembeza ubavuni mwa mlima mpaka shambani bila kuyapoteza njiani, mtu huyo akipita watu humpisha. Fundi wetu aliitwa Senzighe, na watu walimpisha.

Kazi ninayotaka kuwaeleza aliianza baba yake. Juu kabisa, mgongoni mwa mlima, kulikuwa na kitongoji cha nyumba kumi na tisa. Watu wazuri, udongo mzuri, ila maji hakuna. Wanawake walishuka bondeni na ndoo, saa nzima ya kushuka, na ile ya kupanda usiniulize. Yule mzee aliwahurumia. Akaitazama chemchemi iliyokuwa ng'ambo ya korongo, akaona kwa macho yake kwamba iko juu kuliko kitongoji, akawaambia, "Nitawaletea maji mpaka mlangoni." Milimani macho hudanganya, wenyeji mnajua. Mzee yule alikuwa na huruma nyingi kuliko vipimo. Alichimba miaka miwili, kifua kikamshinda. Kabla hajafa alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Usiwaache wale watu."

Senzighe hakuwaacha. Miaka mitatu alichimba, akapasua miamba, akajenga kingo za mawe pale ardhi ilipokuwa laini, akapitisha mfereji juu ya magenge ambayo mbuzi wenyewe huyaogopa. Mwaka wa tatu akafika begani mwa mlima, chini kidogo ya kitongoji, mahali palipokuwa na jiwe kubwa. Kabla ya kuwaita watu washangilie, akataka ajaribu kwanza peke yake. Asubuhi moja akafungulia maji kule kwenye chemchemi, akakimbia mbele yake.

Maji yakaja yakisukuma majani makavu. Yakafika kwenye jiwe. Yakasimama. Yakavimba, yakaanza kurudi yalikotoka, na mengine yakamwagikia korongoni. Senzighe akachukua ule mpira mweupe ambao mafundi ujenzi huujaza maji wakipima usawa, akapima kutoka pale kwenye jiwe, hatua kwa hatua, mpaka uani mwa nyumba ya kwanza ya kitongoji. Kitongoji kilikuwa juu zaidi kwa kimo cha nyumba mbili zilizobebana, juu hata kuliko chemchemi yenyewe. Akarudi akapima tena. Ikawa vilevile. Jiwe halikuwa tatizo. Hata lingeondoka, nyuma yake kulikuwa na kupanda tu.

Akakaa chini, akajifunika kofia usoni.

Sasa wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Baba yako ameahidi, amekufa ameshika mkono wako. Nyumba kumi na tisa zinakungoja. Jina lako lote liko ndani ya huo mfereji. Ungefanyaje?

Senzighe alipanda akawaambia, "Kuna jiwe kubwa pale begani. Nikilipasua, tutaendelea."

Na ni kweli jiwe lilikuwepo. Uongo wake ulikuwa na ukweli ndani yake, na uongo wa namna hiyo huishi miaka mingi. Watu wa juu walimpigia makofi. Wengine wakamletea ndizi na maharage ya kumpa nguvu.

Ikapita miaka sita.

Miaka sita, ndugu zangu, fundi Senzighe alikuwa akilipasua lile jiwe. Aliwasha moto juu yake kutwa nzima mpaka likawa jekundu, kisha akalimwagia maji ya baridi lipasuke, akagonga kwa nyundo, akatoa vipande. Fundi stadi kama yeye angelimaliza kwa mwaka mmoja. Lakini jiwe likiisha, watu wangeona kwamba maji hayapandi. Kwa hiyo akawa anapasua polepole kwa makusudi, leo kipande, kesho kipande. Alilichukia lile jiwe na alilihitaji.

Kanisani kwao alisifiwa. Kila mwaka kwenye sikukuu ya mavuno aliambiwa asimame, na mchungaji akasema, "Mtazameni mtu asiyekata tamaa." Makofi yakapigwa. Naye akasimama, kifua mbele, moyoni akitamani ardhi ipasuke immeze. Mchungaji yule hakujua. Nami ninaposema hili najiuliza ni wangapi nimewasimamisha hapa mbele yenu hivyohivyo.

Na nyumbani je? Mke wake aliitwa Namkunda. Mfereji ulipita juu ya shamba lake na mashamba ya majirani zake, ubavu mzima wa mlima uliokuwa mkavu kila kiangazi. Mara moja Namkunda alimwomba, "Toboa kidogo tu hapa, maji yashuke kwenye maharage." Senzighe akamjibu, "Maji haya ni ya watu wa juu." Hakutoboa. Maji yakapita juu ya maharage yaliyokuwa yakikauka, yakaenda mpaka kwenye jiwe, yakamwagika korongoni bure. Siku watu walipokuja kumposa binti yao Anaeli, baba alifika na vumbi la mawe kichwani, wageni wameshakula, wanaaga. Anaeli alimletea baba yake maji ya kunawa.

Mwaka wa sita kabla ya masika, umoja wa akina mama wa usharika ukapata saruji na mabati. Wakatangaza kwamba kila nyumba itakayokubali kuchimba shimo na kubeba mchanga itajengewa tangi la kuvunia maji ya mvua. Orodha ingefungwa Jumamosi. Vitongoji vyote vikajiandikisha, isipokuwa kimoja.

Mwinjilisti alimfuata Senzighe kule kwenye jiwe akiwa na furaha.

"Fundi, nimetoka juu. Wamekataa matangi."

"Wamekataa?"

"Wamesema, matangi ya nini, fundi analeta mfereji. Nyumba zote kumi na tisa, fundi. Sijaona watu wanaomwamini mtu namna hiyo."

Senzighe alijisikia mkubwa. Nasema kweli, kwa muda mfupi alijisikia kama mlima wenyewe. Kisha mwinjilisti akaondoka, akabaki na nyundo mkononi, akaanza kuelewa alichoambiwa. Masika yangekuja, maji yangeanguka juu ya paa zile kumi na tisa, yangeshuka bondeni, na wanawake wangeyafuata hukohuko na ndoo. Mwaka huu na mwaka ujao. Kwa sababu yake yeye. Hakugonga tena siku ile.

Asubuhi yake Namkunda alikuwa uani anapukuchua mahindi. Senzighe alikuwa amekaa kwenye kigoda, chai imepoa mbele yake.

"Orodha inafungwa Jumamosi," alisema.

"Nimesikia."

"Wamekataa kwa sababu yangu."

Namkunda aliendelea kupukuchua. "Kwani mfereji utafika lini, Baba Anaeli?"

Miaka sita hakuna mtu aliyemuuliza hivyo usoni. Alitazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka, kucha mbili hazikuota tena.

"Haufiki," alisema. "Nyuma ya jiwe kuna kupanda tu. Hautafika kamwe."

Alingoja mkewe ashtuke. Namkunda hakushtuka. Alitupa gunzi pembeni, akachukua hindi lingine.

"Basi kawaambie."

"Nikawaambie nini? Kwamba mtoto wa mzee yule ameshindwa? Nikiuacha ule mfereji, mimi ni nani hapa?"

"Utakuwa mume wangu," Namkunda alisema. "Hiyo nafasi iko wazi siku nyingi."

Alhamisi watu wa kitongoji cha juu walikuwa na mkutano wao kwenye darasa la watoto wadogo. Senzighe alivaa koti lake la ibada, akapanda. Njiani alijipangia maneno mengi. Angeeleza kifua cha baba yake, angeeleza mvua zilizobomoa kingo, angeeleza ugumu wa mwamba. Alipoingia tu, watu wakaanza kupiga makofi kama walivyozoea. Yale maneno yote yakamtoka kichwani. Akainua mkono.

"Msinipigie makofi," alisema. "Mfereji hautafika hapa. Si kwa sababu ya jiwe. Chemchemi iko chini kuliko nyumba zenu, nami nimejua hivyo miaka sita, nikawaficha. Baba yangu aliwaahidi kitu kisichowezekana kwa sababu aliwapenda. Kajiandikisheni matangi. Mimi nimeacha."

Nimeacha. Neno hilo alikuwa ameliogopa kuliko yale magenge. Alidhani likimtoka mdomoni ataanguka nalo. Akashangaa kwamba bado amesimama, na amesimama vizuri, miguu yote miwili imekanyaga chini.

Kisha Bibi Nakaeli, mkongwe kuliko wote pale, akanyanyuka taratibu kwenye benchi la watoto.

"Asante, mwanangu," alisema. "Sisi tunajua."

"Mnajua nini, bibi?"

"Siku ile uliyofungulia maji peke yako, mimi nilikuwa upande wa juu wa jiwe lile, nakata majani ya ng'ombe. Niliyaona maji yakisimama. Nikayaona yakirudi. Nikakuona ukikaa chini ukajifunika kofia. Nikaja hapa nikawaambia wakwe zangu na majirani, fundi ameshajua, tumwache aseme mwenyewe, tusimwaibishe mtoto wa watu."

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

"Na makofi yale?"

"Tungefanyaje? Ulikuwa unapita hapa umejaa vumbi, mikono inatoka damu. Tulipiga makofi."

"Na matangi mliyoyakataa?"

"Tungejiandikisha vipi wewe uko pale unagonga? Ingekuwa kama kukutangaza mbele ya usharika mzima."

Hasira ikampanda Senzighe. "Kwa hiyo mmeniacha nichimbe miaka sita, na mnajua?"

Bibi Nakaeli alimtazama bila kupepesa. "Na wewe umetuacha tubebe ndoo miaka sita," alisema, "na unajua."

Hapo, ndugu zangu, hebu tunyamaze kidogo.

Mnaona ilivyokuwa? Yeye alidhani anachimba kwa ajili yao. Kumbe wao ndio waliokuwa wanabeba kwa ajili yake. Kila ndoo iliyopanda mlima ule miaka ile sita ilipanda ili heshima ya mtu mmoja isimwagike. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Walipendana sana, na katika kupendana huko wakanyimana maji.

Senzighe alikaa kwenye benchi. Mkwe mmoja wa Bibi Nakaeli akamletea kikombe cha maji. Alijua maji yale yametoka bondeni, na yamepanda kichwani mwa nani. Akayanywa yote, hakuacha tone.

Ijumaa nyumba zote kumi na tisa zikaandikwa. Jumatatu Senzighe alikuwa wa kwanza kufika kuchimba mashimo, maana kule juu udongo ni kina cha mkono mmoja tu, chini yake ni mwamba, na nani anaujua mwamba kama yeye? Safari hii hakugonga polepole. Masika yalipofika, matangi kumi na saba yalikuwa tayari. Mawili yaliyobaki yakamalizwa mvua ikinyesha, yeye mwenyewe akiwa amelowa, akipiga lipu chini ya turubai.

Na ule mfereji? Siku moja Namkunda alimpa jembe, wakaenda wote wawili mpaka juu ya shamba la maharage. Senzighe akasimama kwenye ukingo alioujenga kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe. Hakuweza kuubomoa mara moja. Siwafichi, alilia. Mtu akizika kitu alichokipenda ana haki ya kulia. Kisha akatoboa. Maji yakashuka kwenye mashamba, yakaingia kwa Namkunda, yakaingia kwa majirani. Kiangazi kile ubavu wa mlima ule ulikuwa kijani kutoka juu mpaka chini. Mashamba arobaini na mawili yakawekewa zamu za maji, na mgawaji wa zamu akawa yeye, na alikuwa mkali, wala hakumpendelea mkewe.

Mtu huyu hakupata alichokitaka. Msitoke hapa mkasema mwishoni maji yalifika juu kwa muujiza. Hayakufika. Lakini akaanza kula chakula cha mchana nyumbani, na wali wa Namkunda aliokuwa ameula miaka yote bila kuuonja, akauonja. Akaenda kwa Anaeli, akakaa siku tatu, akamtengenezea bomba la jikoni, wakazungumza mambo ambayo yangezungumzwa siku ya posa. Akawa anacheka, watu wakagundua kwamba hawakuwahi kukijua kicheko chake. Namkunda anasema hata sasa, wakitoka ibadani, shingo ya mumewe hugeuka kule juu, akatazama dakika moja, ndipo waende. Basi. Aliyekuambia ukiacha jambo utalisahau, alikudanganya. Senzighe hajasahau. Anatazama, kisha anaenda nyumbani.

Mwaka uliofuata walikuja wageni, wataalamu wa kilimo, wakapelekwa kuuona mfereji. Mmoja akauliza nani aliyeujenga. Senzighe akavua kofia.

"Baba yangu na mimi. Tuliujenga uende kule mgongoni. Haukuweza kwenda. Nikauacha, nikaufungulia huku."

"Pole sana, mzee," mgeni akasema.

"Pole ya nini?" Senzighe akauliza, na hakuwa anatania. Alikuwa amesimama wima kuliko siku zote alizosimamishwa kanisani, na safari hii hakuogopa mtu amtazame machoni.

Sasa tujitazame sisi.

Najua mnataka kuniuliza nini. Mtasema, mchungaji, leo unatufundisha kukata tamaa? Hapana. Kukata tamaa ni kuacha kazi inayowezekana kwa sababu imekuwa ngumu. Mfereji ule ulikuwa mgumu, nao ulijengwa, na maji yanapita mpaka leo. Ninachosema ni kitu kingine. Ninasema juu ya jambo ambalo umeshalipima. Umelipima mara mbili. Umeshajua. Na bado kila asubuhi unakwenda kugonga jiwe ili watu wasikuulize, ukaliita hilo imani. Hiyo si imani, ndugu yangu. Imani haimwogopi mwenye kipimo.

Kuna baba yumo humu ndani, sitamtazama, ambaye bado anangoja mwanawe awe daktari. Mwana amekuwa seremala, na hakuna seremala anayemfikia mjini hapa. Baba hajawahi kukalia kiti alichokitengeneza mwanawe. Anangoja. Na mwana naye anangoja. Na kuna dada yangu aliyewaambia watu wote kwamba yule mwanamume atarudi, na sasa hawezi kuishi kwa sababu ya kuwaambia. Na mimi pia nina langu. Lile jengo la ghorofa nililowaahidi miaka minane iliyopita, lile la msingi uliomea nyasi pale nyuma, tutazungumza habari zake baada ya ibada. Nimeshapima. Halijengeki. Watoto wa Shule ya Jumapili wanakaa juani kwa sababu nilikataa wajengewe banda.

Haya, nimesema. Na bado nimesimama.

Kwa hiyo kesho, usingoje kesho kutwa, mwendee yule unayemficha. Usichukue maelezo mengi. Mwambie, nimeacha. Huenda ameshajua, na amekuwa akikungoja kwa upole uliomgharimu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki yake. Lakini wewe usiiname, maana hukuiba kitu, umeweka kitu chini. Na mtu anayeweza kuweka chini mzigo wa namna hiyo mbele ya watu, huyo ndiye ninayetaka kumpa mkono pale mlangoni tukitoka.